Mchoraji wa Mkoani na Mlango wa Kuokota

Lidcombe, Sydney

Kwa Baba yangu, Mzee Omari,

Shikamoo Baba. Na shikamoo nyingine ni ya Ijumaa, maana simu ilikatika kabla hujaniitikia. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye cherehani yako pale barazani, goti limetulia, na Mama yuko karibu akusaidie kuusoma mwandiko wangu, ambao wewe mwenyewe ulisema unafanana na nyayo za kuku aliyepita kwenye majivu. Goti vipi? Ulikwenda kwa daktari kama tulivyokubaliana, au ulimwambia Mama aseme umekwenda? Mimi huku mzima wa afya. Baridi imeanza, asubuhi navaa nguo juu ya nguo mpaka mikono haishuki ubavuni. Lakini kazi ipo, chakula kipo, na hapa jirani, Auburn, nimepata duka linalouza mbaazi na unga wa sembe, kwa hiyo usimruhusu Mama aniwazie njaa.

Nimeona nikuandikie kwa mkono kwa sababu habari niliyo nayo haiingii kwenye simu. Nikianza kuisimulia mtandao unakatika, na nikirudia naona utamu umepungua. Bi Khadija wa Unguja, aliyekuja huku kumlea mwanawe uzazi, anarudi nyumbani, na atafika Tanga kumwona dada yake Chumbageni. Atakuletea barua hii mwenyewe. Mpe kahawa, ni mtu mwema, ila usimwanzishie siasa.

Basi sikiliza, Baba.

Nilikwambia kwamba kazini, kwenye nyumba ya wazee, nimehamishiwa upande wa pili wa jengo, wanakokaa wazee wasioweza kujihudumia wenyewe. Huko nikamkuta mzee mmoja Mmarekani anaitwa Emmett. Mrefu, mifupa mitupu, mikono mikubwa kama ya seremala. Alikuwa na tabia moja iliyonikera: ukimsemesha, anageuza uso pembeni. Nikadhani ni dharau. Wapo wazee huku wasiopenda kushikwa na mkono mweusi, sisi tumeshawazoea, tunafanya kazi yetu tunaondoka. Mzee Emmett nikamtia kwenye kundi hilo.

Asubuhi moja nilikuwa namfunga vifungo vya shati, akasema, "Sogea dirishani."

Nikasogea.

"Usinitazame mimi. Tazama nje."

Nje kulikuwa na gari la taka. Nikalitazama gari la taka. Yeye akaugeuzia uso ukutani kama mtu aliyesusa, kisha akasema, "Unabana taya la kushoto."

"Ni jino, Mzee."

"Basi likang'olewe. Linaharibu uso mzuri."

Nikatoka pale nimeduwaa, nikamwendea Wanjiru. Huyu ni nesi wetu, Mkenya wa Nakuru, rafiki yangu mkubwa huku. Nikamuuliza, mtu anayetazama ukuta ameonaje taya langu?

"Kwani hukujua?" akaniambia. "Huyo mzee macho yake yameharibika hapo katikati. Akikuangalia moja kwa moja haoni kitu, anaona doa tu. Lazima akuangalie na kona ya jicho. Na unajua alikuwa akifanya kazi gani huko kwao? Alikuwa msanii. Maisha yake yote alikuwa akichora watu sura."

Fikiria, Baba. Mtu aliyekula kwa nyuso za watu, sasa kitu asichoweza kukiona ni uso ulio mbele yake. Na mimi nilikuwa nimemhukumu kwa kugeuza shingo.

Tangu siku hiyo nikaanza kumchokonoa. Nikimwogesha namuuliza, nikimlisha uji namuuliza, naye ni mtu wa hadithi, alikuwa amekosa tu mtu wa kumsimulia. Hivi ndivyo nilivyoyajua maisha yake.

Alizaliwa Kansas, katikati kabisa ya Marekani, ambako hakuna bahari wala mlima. Ngano na upepo, anasema, basi. Baba yake alikuwa fundi wa pampu za upepo, zile zinazovuta maji ya kunyweshea ng'ombe. Emmett alitakiwa apande juu amsaidie, lakini akifika juu alikuwa akisahau spana mkononi, anabaki kuwatazama watu waliosimama chini wakiangalia juu. "Mtu akitazama juu," aliniambia, "hakumbuki kuuficha uso wake."

Alipokuwa kijana akaenda Chicago kusomea uchoraji. Mwalimu wake akamwambia sura za watu sasa ni kazi ya kamera, mchoraji wa kisasa hahangaiki na mashavu ya mtu. Emmett hakubishana naye wala hakukubali. Kabla hajaamua, baba yake akaanguka kutoka kwenye pampu akavunjika nyonga, ikabidi arudi nyumbani. Alisema atakaa mpaka mzee apone. Akakaa mpaka akawa mzee yeye.

Alipanga chumba juu ya duka la misumari. Majira ya joto alikuwa akiandika majina kwenye vioo vya maduka. Majira ya baridi, wakulima wanapokuwa hawana kazi shambani, alipakia rangi zake kwenye gari akaenda shamba kwa shamba, akawa anawachora watu jikoni mwao, kwa sababu jikoni ndiko kulikokuwa na moto. Amechora mabibi wakimenya viazi, mkunga, mwalimu mkuu, mchimba makaburi. Wengine walimlipa kuni, wengine nyama, na mmoja alimlipa kwa kumkata nywele mpaka alipokufa.

"Nani alikufa?" nikamuuliza.

"Kinyozi," akasema. "Mimi nipo, hunioni?"

Mara moja tu alitoka na kazi yake. Mtu mmoja wa New York gari lilimharibikia karibu na mji wao, akaziona picha ukutani kwa fundi magari, akamwalika akazionyeshe huko. Emmett na mkewe Ruth wakazipakia, wakaendesha njia ndefu mpaka wakafika. Gazeti likaandika maneno machache tu, kwamba ni kazi safi ya mchoraji wa mkoani. Emmett akalala kitandani hotelini, hataki kula. Ruth akakaa ukingoni mwa kitanda akamuuliza, "Kwani wewe si wa mkoani?"

"Ni wa mkoani."

"Na kazi si safi?"

"Safi."

"Sasa huyu mtu amekosea wapi?"

Waliporudi nyumbani, akachukua brashi, akaandika kwenye kioo cha chumba chake kwa herufi kubwa: MCHORAJI WA MKOANI. Maneno hayo yalikaa pale mpaka siku aliyofunga kazi. Ananisimulia haya huku anacheka, lakini nikiitazama mikono yake naona mpaka leo neno lile linamuuma kidogo na kumfurahisha kidogo.

Halafu kuna ile ya hakimu, nayo hii Baba utaipenda. Mahakama ya wilaya yao ilimtaka amchore hakimu mkuu, mtu mzito, anayeogopwa. Hakimu alikuwa ameugua kiharusi, mdomo umelegea upande mmoja. Akakaa kwenye kiti akasema, "Nichore kama nilivyokuwa." Emmett akamchora kama alivyo. Hakimu alipoiona picha akasimama, akavaa kofia, akaondoka bila kusema neno. Tangu hapo hakumwamkia tena, na kazi za serikali zikaisha. Picha ikaegemezwa ukutani chumbani kwa Emmett, uso kwa ukuta, miaka mingi. Hakimu akafariki. Siku moja ya mvua akaja mjane wake, amelowa mpaka viatuni. Akasema, "Nasikia mume wangu yuko kwako."

Emmett akaigeuza picha. Yule mama akavuta kiti akakaa mbele yake mchana mzima. Wakati wa kuondoka akasema, "Zile picha nyingine zote nyumbani ni za mtu mwingine. Huyu ndiye niliyekuwa namlisha." Akaichukua. Na alipokufa yeye, watoto wake waliipeleka mahakamani wakaitundika pale ilipotakiwa kuwapo tangu mwanzo.

Umeona mtu huyo, Baba. Basi Ruth alikufa, macho yakaharibika, na binti yao wa pekee, Bi Carol, aliyeolewa huku na anayeishi Minto, kitongoji cha huku Sydney, akaenda kumchukua. Tangu afike Sydney hajashika brashi. Rangi zake zilikuwa kwenye sanduku chini ya nyumba ya bintiye.

Siku moja akaniambia, "Nataka kukuchora."

Nikamwambia ukweli. "Mzee, kwetu hatutundiki sura za watu ukutani. Baba yangu hapendi."

"Baba yako anafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani. Anampima mtu kwa jicho. Tepu anaivaa shingoni kwa heshima tu."

Akacheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo. "Basi atanielewa," akasema. "Mwambie sitaki kukutundika kwake. Nataka kujua kama bado naweza."

Nililichukua neno hilo nikalala nalo siku kadhaa. Nilikuwaza wewe, mwaka ule ulipovunjika mkono, ulivyokuwa unakaa mbele ya cherehani iliyofunikwa kitambaa, unalichezesha kanyagio kwa mguu, basi tu isikie kwamba upo. Nikakubali.

Meneja wetu hakutaka. Harufu ya rangi ya mafuta ni hatari kwa wazee wengine, akasema, na mfanyakazi hapokei zawadi ya mkazi. Ana haki, si mtu mbaya. Akasema kama ni nyumbani kwa bintiye, siku yangu ya mapumziko, na picha si yangu, hilo si lake. Kwa hiyo Jumamosi nikawa napanda treni hapa Lidcombe, nabadili njiani, nashuka Minto. Bi Carol anakuja kunipokea stesheni, na baba yake, ambaye amemchukua asubuhi, yuko tayari amekaa kwenye gereji, mlango umefunguliwa ili mwanga uingie, blanketi miguuni, amevaa aproni ngumu kwa rangi za zamani. Alikuwa amenyoa ndevu. Bi Carol akaninong'oneza kwamba mara ya mwisho alinyoa bila kuambiwa ilikuwa kwenye mazishi ya Ruth.

Sasa sikiliza ilivyoharibika.

Alichora Jumamosi mbili kwenye kitambaa kidogo, ukubwa wa sura ya mtu, kama alivyozoea maisha yake yote. Ananitazama kwa kona ya jicho, anarudi kwenye kitambaa, na akitazama pale anapochora, doa linapafunika. Alipomaliza akaniambia, "Njoo uone. Sema kweli."

Nikaja nikaona. Macho yalikuwa yangu kabisa, Baba, nilishtuka. Lakini mdomo ulikuwa umeteremka kidevuni, na pua iko mara mbili.

Nilitamani kusema uongo. Kisha nikamkumbuka yule hakimu, nikaona mtu wa namna hii huwezi kumdanganya juu ya uso. Nikasema, "Mzee, mdomo umeshuka."

"Umeshuka sana?"

"Sana."

Akachukua kitambaa cha kufutia, akafuta yote, taratibu, kama mtu anayefuta meza baada ya kula. Akasema anataka kurudi.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Akaacha kula vizuri, akaacha hadithi. Nikiingia chumbani hageuzi shingo tena, ananitazama moja kwa moja, maana yake hataki kuniona. Bi Carol alikuja akanivuta pembeni kwenye korido, macho mekundu. "Salma, tafadhali usimtajie tena habari za rangi. Alikuwa ameshakubali kwamba basi. Sasa amepoteza mara ya pili." Nilikwenda chumba cha kufulia nikakunja mashuka ambayo yalikuwa yameshakunjwa.

Njia ilitokea bila mtu kuitafuta. Nilikuwa nampa chai asubuhi, na nje lile gari la taka likawa linapiga kelele zake. Akasema kwa uchovu, "Lile ninaliona."

"Kwa sababu ni kubwa, Mzee," nikamjibu, naongea tu nisikae kimya.

Akaweka kikombe chini. "Rudia."

"Gari ni kubwa. Doa halitoshi kulifunika lote."

Kisha ule uso ukageuka, polepole, kuelekea ukutani, na nikajua ananitazama. "Ruth angenipiga kofi," akasema. "Nalia kwa kuwa siwezi kuchora uso wa ukubwa wa sahani. Nani alisema uso lazima uwe wa ukubwa wa sahani?"

Akataka ubao. Mkubwa, wa mbao, usiolegea. Bi Carol hakutaka hata kusikia, na ubao wa ukubwa huo si kitu unachokipata popote. Ila huku Sydney, Baba, kuna desturi moja: mara chache kwa mwaka kila mtaa watu hutoa nje vitu wasivyovitaka, wakaviweka kando ya barabara, gari la halmashauri lije kuvizoa. Makochi, meza, vitanda vizima vizima. Jumapili moja nikitoka shifti na Wanjiru tukapita mtaa wa nyuma ya stesheni, na pale, umeegemezwa kwenye mti, ulikuwa mlango. Mlango wa mbao nzito, wa zamani, umeshang'olewa kitasa.

"Wanjiru, simamisha gari."

"Ya nini?"

"Nataka ule mlango."

"Wee Salma, wewe una nyumba ya kuweka mlango?"

Nikamweleza. Akanitazama kama mtu anayeamua kama ampeleke mwenzake hospitali, kisha akazima gari. Tukaubeba wawili, mimi na mtandio wangu na yeye na sare ya unesi, tukauweka juu ya gari lake dogo, tukaufunga kwa kanga yangu na kamba ya kuanikia. Mzungu mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa akatuuliza kama tunahitaji msaada. Wanjiru akamwambia, "Hapana, asante, tunahamisha mlango tu." Njia nzima kwenda Minto mimi nimetoa mkono dirishani nimeushika, na Wanjiru anaendesha polepole huku anasema, "Polisi wakitusimamisha mimi sikujui. Nitasema nilikupata barabarani pamoja na mlango."

Bi Carol alipotufungulia geti akashika kichwa. Lakini baba yake, aliyekuwa amekuja kwa bintiye Jumapili ile, aliusikia mlango ukigonga sakafu ya gereji, akainuka mwenyewe kwenye kiti. Akaupapasa kutoka juu mpaka chini. "Huu," akasema.

Mume wa Bi Carol akaupiga msasa, akaupaka rangi nyeupe ya chini, akausimamisha kwa vigingi. Na Mzee Emmett akaanza upya. Safari hii uso wangu ulikuwa mkubwa kuliko sinia la pilau la harusi. Alitumia brashi za kupakia kuta. Anasimama pembeni mwa mlango, anautazama kwa ubavu, anapiga mstari, anapumzika, anakaa. Alitoa sharti moja, kwamba mtu asimwambie inaendaje mpaka aulize mwenyewe. Mimi nilikaa upande wa nyuma wa mlango, sioni kitu, nasikia brashi tu. Katika muda huo nikang'oa lile jino. Na yeye akaanza tena kula, akawa anamwamrisha Bi Carol kuhusu chumvi.

Jumamosi moja nikasikia ameweka brashi kwenye kopo. Akasema, "Njoo. Sema kweli."

Nikazunguka.

Picha yake ndogo nimeiweka ndani ya bahasha, utaiona mwenyewe, lakini picha ya simu haifikishi. Ukisimama karibu ni rangi tupu, madoa makubwa ya udongo na ya kijani ya mtandio. Ukirudi nyuma hatua chache, yanakusanyika, na ni mimi. Mdomo upo mahali pake. Pua ni moja. Ni mimi nimetoka shifti, macho yana usingizi, lakini yanatazama mbele kama mtu aliyeambiwa kitu na anataka kukihakiki. Mwanzo sikuipenda. Nikawaza, nimechoka hivi? Kisha nikaona taya la kushoto limebana kama zamani.

"Mzee, jino nilishang'oa."

"Najua," akasema. "Halikuwa jino."

Nikaligusa taya langu. Maana ni kweli, Baba. Nimebana meno tangu nilipowaaga. Nilidhani hakuna anayeona, nyinyi mnaniona kwenye simu nacheka. Yeye aliye kipofu wa katikati ameliona kwa kona ya jicho, na hakulificha, wala hakulifanya baya. Amelichora kama nguvu. Nikamwambia, "Mdomo uko pale pale, Mzee. Kila kitu kiko mahali pake." Akakaa kwenye kiti, akauliza kama chai ipo. Bi Carol akaenda kuchemsha maji, nikamsikia jikoni analia huku anafungua kabati moja baada ya jingine akitafuta vikombe vya nyumbani kwake mwenyewe.

Ningeishia hapa, na ingetosha. Lakini habari yenyewe hasa ndiyo hii inayofuata, na mkono wangu unakimbia kuliko kalamu.

Huko Kansas, ile mahakama ya zamani imejengewa mpya, na jengo lile la kwanza watu wa wilaya wameligeuza kuwa nyumba ya maonyesho. Wakaamua kufungua kwa kazi za Mzee Emmett. Wakatangaza kwamba kila mwenye picha yake sebuleni, jikoni, popote, ailete. Wakamwandikia Bi Carol: je, ana chochote cha karibuni? Bi Carol akawatumia picha ya mlango. Wakajibu siku hiyo hiyo kwamba wanautaka, na watagharamia safari yake wenyewe. Uso wa mwanao umetiwa kwenye kreti ya mbao umepanda ndege, na mimi mwenyewe sijapanda ndege nyingine tangu nifike huku.

Kabla ya hapo waliuliza, aliyechorwa anaitwaje, waandike jina gani chini yake? Nilikuwa namfunga Mzee Emmett soksi. Nikasema, "Andikeni Salma tu."

"Kwetu hakuna Salma tu," akasema Mzee. "Kwetu mtu akikuona kwanza anauliza, mtoto wa nani."

Nikamwambia na kwetu vivyo hivyo. Kwa hiyo pameandikwa: Salma binti Omari, wa Tanga.

Daktari hakumruhusu Mzee kusafiri, moyo wake hautaki. Kwa hiyo siku ya ufunguzi tulifanya hivi: huko kwao ilikuwa jioni, huku kwetu asubuhi, na meneja, yule yule aliyekataa rangi, alituletea televisheni kubwa ya ukumbi wa chakula akaiunganisha na simu ya Bi Carol. Wazee wote wakaletwa na viti vyao. Mzee Emmett amevaa tai. Na watu wa Kansas wakaanza kupita mbele ya kamera mmoja mmoja. Hawakusema mimi ni fulani. Walisema, "Ulimchora mama yangu akimenya viazi." "Mimi ni mtoto wa mwalimu mkuu." "Babu yangu alikuwa akikukata nywele." Yeye hawaoni kabisa, kioo kiko mbali, lakini kila mmoja alimjibu. Alikumbuka jikoni ile ilikuwa na paka, au dirisha lilielekea wapi, au mama yule alikataa kuvua aproni. Mzee mmoja mrefu akasema, "Mimi ni mjukuu wa hakimu," akapunga mkono akapita. Mzee Emmett akanishika kiganja, akakibana kwa nguvu, hakukiachia tena.

Kisha wakaigeuza kamera, nikauona mlango wetu wa Lidcombe umesimama katikati ya ukumbi, unatazamana na ukuta mzima wa watu wa Kansas. Mama mmoja mnene, amevaa koti la kahawia na funguo zimening'inia kiunoni, alikuwa amesimama karibu yake. Akauliza, "Emmett, huyu ni nani?"

"Huyo yuko hapa nami," akasema, na Wanjiru akanisukuma mbele.

Yule mama akanitazama, akautazama mlango, akanitazama tena. Kisha akainama akasoma maandishi. Jina lako alilitamka kwa shida, Baba, lakini alilitamka. "Huyu Omari ni nani?"

"Ni baba yangu."

"Yu hai?"

"Yu hai. Ni fundi wa nguo."

Akazishika funguo zake kiunoni. "Mimi ndiye ninayefungua hapa kila asubuhi," akasema. "Mwambie baba yako nimemsalimu. Mwambie binti yake hayuko peke yake huku. Nikifungua mlango, nitakuwa namwamkia yeye kwanza."

Basi nimekufikishia salamu kama nilivyoagizwa, kutoka kwa mtu ambaye sikumuuliza hata jina lake.

Nisalimie Mama, mwambie mchuzi wake wa nazi naukaribia, bado kidogo tu. Nisalimie kaka Juma na wifi yangu, na mtoto wao mdogo ambaye sijamwona ila kwenye simu. Nisalimie shangazi Mwanakombo, mwambie dua zake zinafika. Msalimie Mzee Sefu, jirani yetu muuza mkaa, na wanafunzi wako wote wa cherehani.

Ni mimi mwanao nikupendaye, mzima na mwenye furaha,

Salma binti Omari